Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Białystok, Februari. Theluji imelala juu ya paa la hospitali
godoro lililosahauliwa nje.
Saa tatu na dakika ishirini usiku
wanamleta Zenon Sawicki, msafisha dohani,
aliyezibua mabomba ya moshi ya nusu ya mji.
Uso umeshuka upande mmoja, pazia lililochomoka kulabu.
Mkono wa kulia hauna habari na mwenyewe.
Maneno anayo, nayaona yakisukumana nyuma ya meno;
hayatoki.

Mimi si daktari. Mimi ni wa mashine.
Namlaza, namfunga utepe kwenye paji la uso,
namwambia, "Usitikisike, bwana Zenon,"
huwa nawaambia hata wasionisikia,
kisha nakimbilia nyuma ya kioo.

Pete inavuma.
Inamkata kichwa vipande vyembamba vya mkate,
bila kisu, bila chembe kudondoka.

Watu hudhani natafuta ugonjwa.
Kwanza natafuta weupe.
Damu iliyomwagika, humu ndani, ni nyeupe;
ilinichukua mwaka mzima kulizoea jambo hilo.
Palipo na weupe ule, dawa ya kuyeyusha
haitibu, inamalizia.

Kijivu.
Kijivu.
Maji meusi katika vyumba vyake, yametulia.
Kijivu.
Hakuna.
Mchana silipendi neno hili. Usiku nalibusu.

Ila kushoto, uzi mmoja mweupe,
mfupi kuliko ukucha wa mtoto:
donge limekaa ndani ya mshipa
kama masizi yaliyoshikana.
Daktari Wasiluk anainama. "Unauona?"
"Nauona."
"Picha imesema yake. Sasa saa."

Maana dawa ina mlango,
na mlango hufungwa saa nne na nusu baada ya pigo.

Genowefa, mkewe, yuko kwenye korido,
koti la sufu juu ya gauni la kulalia,
buti moja haijafungwa kamba.
"Mara ya mwisho alisema vizuri lini, mama?"
Anaiangalia ile kamba.
"Saa kumi tuligombana. Chumvi.
Alisema supu ya bitiruti haina chumvi.
Nikamwambia: ulimi wako ndio umekufa."
Anafunika mdomo.
"Akanyamaza. Miaka arobaini na mitatu,
akinuna ananyamaza hata siku mbili.
Ningejuaje kwamba kimya hiki si kile?"

Saa kumi. Nahesabu kwa vidole.
Tano na ushei. Mlango umefungwa.

Nina mionzi inayopenya mfupa.
Sina unaotenganisha kimya cha hasira
na kimya cha mshipa.

Wasiluk ameshafumbua kinywa kusema lile tunalolisema.
"Mbwa," anasema Genowefa.
"Mbwa?"
"Alitoka kumpa Burek mifupa. Nilimsikia dirishani.
Alimwambia..." anasita, anaona aibu mbele yetu,
"alimwambia, wewe peke yako ndiye hunigombezi nyumba hii."
"Sauti ilikuwa safi?"
"Safi. Kila neno nililisikia. Liliniuma."
"Saa ngapi?"
"Redio ilikuwa ikisoma hali ya hewa.
Kengele ya kanisa haijalia. Kasorobo.
Saa kumi na mbili kasorobo."

Wasiluk hayupo tena; mlango unapepesuka nyuma yake.
Saa tatu na dakika arobaini na moja, dawa inaingia.

Genowefa amebaki kwenye kizingiti changu.
Anaomba kuona. Sheria inasema hapana.
Namgeuzia kioo.
Anatazama kile kijivu muda mrefu, kichwa upande,
kama anayekagua nguo sokoni.
"Na hasira zake zimekaa wapi?"
Namwambia sijui. Kweli sijui.
"Akiamka akaninunia," anasema, "nitampikia tena."
Kisha, akiwa ameshageuka:
"Chumvi nitaweka ile ile."

Napangusa kitanda, nabadilisha shuka la karatasi.
Simu inalia. Mwanamke, miaka hamsini na minne,
yuko njiani, dakika saba.
Nauliza: nani alimwona mara ya mwisho?