Nyuzi Mbili

Diski ya Endel ilikufa kabla yake,
wiki mbili tu kabla yake, na hakuna aliyeinakili.
Kwa hiyo msimbo aliouandika haupo tena popote
isipokuwa hapa, ndani ya seva ya kituo cha joto cha Võru,
ukitembea.
Miaka sita haujalala.
Nje ni nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Ukiuzima, mji utaamka na mabomba yaliyopasuka.

Kalmer, meneja, ananiuliza akiwa mlangoni:
"Utasomaje kitu ambacho hakuna mahali kimeandikwa?"
Namwambia, kinachopumua huulizwa.

Naingia katika programu bila kuisimamisha,
kama mtu anayempima mpishi mapigo ya moyo
huku mkono wake wa pili ukikoroga chungu.

Naanza kwa adabu. Jina lako nani?
*jaga_soojust*, kinajibu kitendaji. Gawa joto.
Ulizaliwa wapi? Katika faili ambalo halipo,
kwenye folda ya mtu ambaye hayupo,
mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Unapokea hoja ngapi? Tatu.
Nacheka peke yangu. Hoja hujibiwa kwa hoja:
hizi mbili za kwanza ziko wazi, baridi ya nje na saa,
ila ya tatu hujileta yenyewe usipoitaja.

Kila kitendaji huachiwa nafasi ya kujieleza.
Endel alijaza sentensi moja:
"Usiguse kabla ya Aprili."

Naifunua hoja ya tatu. Orodha.
Siku ya kwanza ilikuwa tupu,
lakini chombo cha aina hii hufinyangwa mara moja tu,
kila mwito hutia ndani ya kile kile,
kosa linalowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa kwanza.
Nakuta namba elfu mbili mia moja tisini na nne,
moja kwa kila alfajiri,
baridi zote za mji huu, hata zile tulizozisahau.
Sijui kama alikosea.
Endel hakuwa mtu wa kukosea hivyo.

Kisha zile thamani zisizobadilika, zimepangana kama meno:
sifuri, sitini na tano, tisini, mbili,
na katikati yake, maneno: Liiva 14, nyumba ya 3.
Na kibadilika chenye herufi tatu, *ema*.
Kwetu hilo ndilo neno la mama.

Nauvunja msimbo hatua kwa hatua.
Chukua anwani. Linganisha.
Zikiwa sawa, ongeza mbili.
Rudisha.

Saa ya chakula nikaenda Liiva kwa miguu.
Mlango ulifunguliwa na Taavet, fundi baiskeli,
kaptula Januari, madirisha yote wazi,
grisi hadi kwenye viwiko.
"Nyumba hii ni tanuri! Nimewaandikia barua tatu!"
Na bibi aliyekuwa akiishi hapa?
"Raudsik? Alizikwa mwaka juzi. Mwanawe alikuja kuchukua saa ya ukutani,
akagusa kipasha-joto, hivi, kwa kiganja, akaondoka."

Kwa hiyo alijua.
Majira mawili ya baridi alijua.

Usiku nikaandika mwili mpya kwa jina lile lile,
nikasubiri nafasi kati ya mwito na mwito,
nikaubadilisha ule wa ndani. Kitendaji hakikupepesa jicho,
pampu hazikusita.
Orodha nimeibakiza. Saa kumi alfajiri
iliongezeka namba moja: hasi ishirini na tano.
*Ema* nayo bado inatajwa, ila sasa
haiongezi kitu. Kalmer akiuliza, nitasema nilisahau kuifuta.

Leo Ijumaa imefika barua ya nne ya Taavet.
Anasema nyumba ina baridi.