Fundi Anagonga Mlango

Saa nane kasoro za usiku, sambaza wa Nabintu,
waliokauka kwenye ungo tangu juzi,
waliruka.
Samaki wafu, chumvi machoni, wakadunda
kana kwamba ziwa limewaita majina.
Kisha vijiko. Kisha kitanda.
Kisha kilima chote cha Cimpunda
kikajinyoosha kama mtu aliyelalia mkono wake.

"Chini ya meza!" Kumbe watoto walishafika,
magoti kidevuni, mkono mmoja umekamata mguu wa meza,
mwingine umefunika kisogo,
vile tulivyojizoeza Jumapili baada ya misa
wakiangua vicheko.
Usiku ule Murhula alikuwa akitafuna kola ya shati.

Nabintu akauvamia mlango. Nikamdaka kitenge.
Si sasa. Tofali humngoja anayekimbia.
Iache ardhi imalize inachosema.

Nikaanza kuhesabu, na mimi fundi
sijui kuhesabu ila kwa karai:
simenti moja,
mchanga moja, mchanga mbili, mchanga tatu, mchanga nne,
hapo ndipo baba alinifundisha kukoma,
mchanga tano,
mchanga sita,
mchanga saba,
ardhi ikatulia.

Mimi sikutulia.

Tulivaa viatu, maana vioo vilikuwa sakafuni.
Nikaizima mbabula kwa maji ya kuogea.
Tukatoka hadi uwanja wa shule, mbali na kuta,
mbali na nyaya za umeme,
tukawakuta majirani, huyu na redio, yule na kuku,
Birindwa amekumbatia droo ya kabati,
tupu, hata yeye hajui kwa nini.

Nikawahesabu wangu. Wanne.
Nikasema nakuja, nikaondoka.
"Unakwenda wapi?"
Chini. Kwa Mama Ntakwinja.

Wahenga walituachia neno kuhusu ufa,
usipouziba utajenga ukuta.
Kuhusu fundi walinyamaza.
Mwaka ule alinipa pesa ya mifuko ishirini.
Nilinunua kumi na miwili.
Ile minane ikaja kuwa bati juu ya kitanda chetu,
bati zuri, halivuji,
nimesikiliza mvua ngapi chini yake
nikalala fofofo.

Katikati ya ngazi za udongo likaja tetemeko jingine, dogo.
Nikachuchumaa, mikono kichwani, hadi lilipopita.
Nikateremka. Nikagonga.

"Nani?"
"Fundi."
"Fundi gani saa hizi?"
"Wa ukuta huu. Toka, mama, na wajukuu.
Usipite upande wa jikoni."
"Nyumba imesimama, baba."
"Ndiyo. Toka."

Alitoka na godoro, watoto watatu, na tochi.
Akaumulika ukuta. Ufa ulishuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi
kama mto kwenye ramani ya darasani.
Akaingiza kidole.
Kikatoka na mchanga, mchanga mtupu,
akausugua taratibu,
kama anayepima unga sokoni Kadutu
kabla ya kumwambia muuzaji kwamba ameujua.
"Mingapi?"
"Minane."

Laiti angenitukana.
Alitandika godoro katikati ya mihogo
akaketi, nami nikaketi ukingoni,
ardhi ikikohoa na kunyamaza, ikikohoa na kunyamaza,
mjukuu mdogo akapitiwa na usingizi juu ya viatu vyangu
nikashindwa kusogeza miguu hadi jogoo wa kwanza.

Kulipopambazuka ukuta ulikuwa bado wima.
Nikamwomba nyundo,
nianze kuubomoa kwa mkono wangu, kutoka juu.

"Yako uliisahau hapa mwaka ule," akasema.
"Iko ndani. Nyuma ya mlango wa jikoni."

Tukautazama mlango.