Mbuzi wa Pili

Matamba, Kwaresima. Ukungu umeingia kanisani
kabla ya wazee wa kanisa.
Mwinjilisti Ndelwa, koti la mvua bado mabegani,
anafungua Walawi kumi na sita
kama mtu afunguaye gunia asilolipima mwenyewe.

"Mbuzi wawili," anasema. "Kura mbili.
Mmoja wa Bwana, mmoja wa Azazeli."
Anasimulia kuhani mkuu alivyoweka kando dhahabu,
akaoga, akavaa kitani kitupu,
akaanza na fahali,
kwa ajili ya dhambi zake yeye kwanza.

Hapo nikakohoa.

Mimi ni dalali. Nanunua viazi.
Mimi ndiye nisemaye, "Ongeza, mama, ongeza,"
mpaka gunia lipige kilemba,
kilemba nacho kipigwe kilemba,
na kamba ya katani ishone mdomo kama kidonda.
Lumbesa. Neno lenyewe lina kitambi.
Debe tisa nazihesabu sita,
na shangazi zangu wananishukuru kwa kufika mapema.

Mbuzi wa kwanza alichinjwa.
Damu yake ikavuka pazia, mahali pasipo dirisha,
ikanyunyizwa mara saba mbele ya kiti cha rehema,
na huko nje taifa zima limefunga, kimya,
likisubiri mtu mmoja atoke akiwa hai.

Wa pili aliwekewa mikono.
"Yote miwili," akasema Ndelwa, akashika hewa,
nikaona udongo mweusi kwenye kucha zake.
Naye ni mkulima. Naye nimewahi kumpimia.
Kila uovu ukatajwa juu ya pembe zile,
kisha mtu aliyewekwa tayari
akamshika kamba, akamwongoza nyikani,
asikokaa mtu.

Tumpe Chaula, darasa la nne, akanyoosha kidole:
"Mwinjilisti, yule wa pili alikunywa maji wapi?"

Watu wakacheka. Benchi la kina mama likatikisika.
Ndelwa hakucheka.
Alitazama dirishani, upande wa Kitulo,
ambako hata kondoo wenye sufu nzito
hulala wamebanana kwa baridi.
"Haikuandikwa," akasema.
Akafunga kitabu, akakifungua tena mbele zaidi.
"Kwetu sisi mbuzi wote wawili wana jina moja.
Aliyemwaga damu, na aliyetolewa nje ya lango
na mzigo usio wake, ni Yule yule.
Naye, mwanangu, alisema: Naona kiu."

Sijui nilitokaje.
Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyolowesha
mpaka ufike nyumbani ukute umelowa.
Nyuma yangu Ndelwa alikuwa bado anasema,
kwamba Wayahudi mpaka leo huifunga siku ile,
na walimu wao wa kale walifundisha
kuwa haifuti deni la jirani
mpaka umwendee jirani.
Laiti ningalitoka dakika moja kabla.

Elitha Tweve alikuwa anamenya mahindi ya mbegu.
Nikasimama mlangoni na bahasha.
"Ya msiba?" akauliza.
"Ya viazi."
"Vya lini?"
"Vya mwaka juzi. Na mwaka jana. Na vile vya Juni."
Akahesabu noti, akalowesha kidole, akarudia.
Nilingoja neno. Nilikuwa nimelikariri jibu lake njia nzima,
nikampa hata machozi.
Akaitia bahasha chini ya mkeka.
"Haijatimia," akasema. "Ila kaa, uji upo."

Yule aliyempeleka mbuzi, imeandikwa,
hakurudi kambini mpaka afue nguo zake,
na kuoga mwili kwa maji.
Usiku ule nilifua shati kwenye karai.
Maji yakawa rangi ya shamba la Elitha.
Nikayamwaga. Nikateka mengine.

Jumatatu, kabla lori halijawaka,
alinitumia mtoto na ujumbe:
safari hii njoo na mizani.