Mezani kwa Nanuli

Baba, siku niliyojiandikisha chuo
ulinitazama juu ya mkasi wa kupogolea mizabibu:
"Na hiyo sosholojia, inaliwa na mboga gani?"
Mama akacheka. Mimi nikanuna hadi Torino,
saa nzima na nusu ndani ya treni.

Nakuandikia kutoka Zugdidi. Ni Agosti,
mvua imekaa juu ya mashamba ya hazeli kama mdai.
Nimetumwa kwa sababu magunia hayaji.
Tani arobaini mkatabani, tisa ghalani.
Kabla yangu alikuja Bwana Bergesio wa hesabu,
akalala hotelini siku nne, akaandika ripoti yenye michoro ya rangi:
wakulima wavivu, wakulima wana mnunuzi wa pembeni, pandisheni bei.
Bei ikapanda.
Magunia hayakuja.

Unajua nilichosomea miaka mitano?
Kukaa. Kunyamaza. Kuhesabu viti.
Kutazama nani anamiminiwa kwanza,
nani husema mwisho na neno lake likawa ndilo,
nani hayupo na bado watu wanalikwepa kochi lake.
Profesa Ghibaudo alitupeleka sokoni alfajiri na daftari tupu,
akatukataza kuuliza lolote hadi saa sita.
Niliona upuuzi. Nilipata mafua, na alama ndogo.

Basi nikaenda kwa Nanuli, mjane wa ekari tatu,
nikakaa aliponiambia nikae.
Akapakua gomi, ugali mweupe, jibini ikizama ndani yake.
Nikatafuta uma. Akaniangalia. Nikanawa mikono.
Siku ya kwanza sikutaja hazeli.
Siku ya pili nikaliona lango la jirani, wazi mchana kutwa,
wanaume barabarani wamesimama bila maongezi,
mabenchi yakipita mabegani.
Siku ya tatu alinipa kisu na kapu la vitunguu,
na machozi yakitutoka sote wawili nikauliza: nani?

"Valiko. Wanawe wako njiani kutoka Ugiriki.
Mpaka azikwe, mtaa huu hakuna atakayetikisa tawi."
Na mtaa wa pili?
"Huko wana wawili."

Ndiyo hiyo tu, Baba.
Mkataba wetu, kurasa thelathini na moja,
una kifungu cha mafuriko, cha vita, cha mgomo wa bandari.
Maiti hakuwa na pa kulala.

Nikapiga simu Torino. Bergesio akauliza:
"Wafu wangapi kwa msimu?"
Swali la maana, nakiri. Nilimpa makadirio.
Tukaandika upya: wiki mbili za nyongeza, bila faini,
na lori la kampuni libebe mabenchi ya msiba.
Hilo la lori sikulitoa chuoni.
Nililitoa kwako, ulipompa trekta mzee Costamagna
siku ya kumzika mkewe,
na miaka sita hamjasalimiana.

Sijisifu. Tumefika tani ishirini na sita, polepole.
Usiku najiuliza niliingia jikoni mle kama mgeni
au kama mizani;
kama kilio cha Nanuli sasa ni kifungu cha kumi na tisa.
Kujishuku nako nilifundishwa. Hakuna mshahara wake.

Lakini swali lako nimelibeba huku kote, na jibu ninalo:
inaliwa na jibini, Baba.
Kwa mkono.
Na haina haraka.