Ufa Unaoziba

Mara ya tatu nauziba ufa wa Mama Kavira,
sebuleni, toka mlangoni hadi chini ya kabati la vyombo.
Saruji ndoo mbili, mchanga wa lava niliouchekecha mwenyewe.
Mwaka juzi ulimeza kidole. Leo unameza kiganja.
Usipoziba ufa, walituambia.
Nimeziba. Ukuta nao nimeujenga. Umepasuka.

Buhendwa akaja na kipimo chake kwenye ncha ya fimbo,
akakishusha ufani polepole, kama anayemlisha mgonjwa.
Kikalia.
Fungueni madirisha, akasema. Mtoto asilale chini.
Hilo Goma hatufundishwi. Mbuzi wa jirani
alishuka shimoni kunywa maji ya mvua,
akapiga magoti, hakuinuka.
Mazuku hayana harufu. Hayabishi hodi.

Nikamuuliza linalomkera fundi:
ikiwa nchi yote imechanika, toka Ruzizi hadi Semliki,
hiyo gesi mnayoisifia imebakije chini?
Chungu chenye ufa hakiweki maji.

Akachukua mwiko wangu, akakata saruji mbichi,
akasukuma nusu moja chini.
«Tazama. Tabaka la mchanga, limejaa gesi,
sasa limekutana uso kwa uso na mfinyanzi.
Inapanda, inagonga, inageuka.
Na pale miamba iliposagana, unga wake
umejipaka wenyewe kama lipu.
Kuna ufa unaopitisha. Kuna ufa unaoziba.
Wakati mwingine ni huohuo mmoja:
jana ukuta, leo mlango,
ardhi ikishtuka tu usingizini.»
«Na ziwani?»
«Ziwani kizibo ni uzito wa maji. Usiniulize zaidi.»

Mama Kavira alikuwa nje, anapuliza mbabula,
makala ya Masisi, gunia limepanda bei tena,
na chini ya nyayo zake moto wa karne nzima
umekaa gizani, haujui njia.
Akaingia na chai. Akauliza:
«Basi huu wangu, ni wa aina gani?»

Buhendwa alifuta kipimo kwenye suruali.
Alikunywa chai yote.

Nikakoroga ndoo ya pili. Lakini kabla ya kulainisha
nilichomeka bomba jembamba, toka ufani, kupitia ukutani,
hadi nje, juu ya kichwa cha mtu.
Miaka ishirini na sita ya mwiko,
sijawahi kuacha tundu kwa makusudi.
Mkono ulikataa kidogo.