Kuanika Glasgow

Mashine ya kufulia ilikufa Jumanne
katikati ya kusuuza, na maji tumboni.
Mwenye nyumba akasema: Ijumaa.
Hakusema Ijumaa ya mwezi gani.

Basi nikakamua kwa mikono,
mashuka mawili, foronya, sare yangu ya usiku
yenye jina la hospitali kifuani,
nikatia vyote kwenye mfuko wa buluu,
Shomari akabeba vibanio,
tukashuka hadi bustani ya wote, kando ya Clyde,
maana kila asubuhi nikitoka zamu
huziona pale nguzo za chuma
zimesimama majanini kama abiria
waliosahauliwa na basi la mwisho.

Leo kuna jua.
Jua la hapa haliwaki, linatembelea,
na likija, watu huacha kazi kulipokea.
Wamelala nyasini vifua wazi,
weupe wa mihogo iliyomenywa,
wanageuka wekundu huku nawatazama
na hakuna anayejali.
Mtoni wanapita wapiga makasia wanane, jongoo mmoja,
na mwenye kipaza sauti anawatukana kwa upendo.
Mbwa kamwibia bwana harusi soseji.
Kweli, bwana harusi, na sketi yake ya mirabaraba,
anamkimbiza, na bi harusi anamshangilia mbwa.

Mlinzi wa bustani akasimamisha kigari.
Nikajua: sasa naulizwa kibali.
Mkono tayari mfukoni, kitambulisho, barua ya halmashauri.
Ukizoea kuulizwa, unatembea na majibu.
Akauliza, "Kamba unayo?"
Sikuwa nayo.
Akafungua nyuma ya kigari, akatoa ya manjano,
akafunga mwenyewe, nguzo kwa nguzo, mafundo mawili mawili.
Miaka kumi na moja, akasema,
anazipaka rangi nguzo hizi kila baridi ikiisha,
na hajaona hata soksi.

Nikaanza kuanika.
"Si hivyo!"
Ni mama mmoja kwenye benchi, Senga jina lake,
kaweka mkongojo chini, kaja.
"Shuka hubanwa kwenye pindo, si kwenye ncha.
Nani kakufunza?"
Nyanya yake alianika papa hapa, akasema,
na wanawake waligombea nafasi
mpaka ndoo zikatumika.
Akayanyoosha mashuka yangu kwa viganja,
akaitazama sare, akanyamaza kidogo.
"Wodi gani?" Nikamtajia.
Hakusema kitu. Akaongeza kibanio.

Halafu, kwa muda wa saa nzima, hakuna kilichotokea.
Nataka hili liandikwe.
Nililala chali, mikono chini ya kichwa,
mimi ambaye mchana huulalia nyuma ya pazia zito,
nikasikia shuka likipumua, likijaa, likitoa,
na maji ya mto yakienda zao bila zamu.

Kisha wingu.
Nikaruka: "Shomari! Anua! Anua!"
Mtoto akasimama, mikono imening'inia.
Kuanika alilijua, amelijua leo.
Kuanua hajawahi kulisikia.
Miaka sita nimemlea kwenye nyumba ya mashine,
ambamo nguo huingia na kutoka kwa mlio,
na neno zima limekaa kabatini, limekunjwa,
wala sikujua kama halipo mezani.
"Anua ni nini?" akauliza,
kwa lafudhi ya hapa, ile ya kumeza nusu ya sauti,
na matone yameanza, manene,
Senga anacheka, mlinzi keshashika foronya.
"Ndiyo hii! Ndiyo hii tunayofanya!"

Usiku nilikuwa na mapumziko.
Tulitandika.
Mashuka yalinuka majani yaliyokatwa, mto,
na shayiri ya kile kiwanda cha bia juu ya kilima.
"Baba," akasema gizani, "shuka limelewa."
Lala, nikamwambia.
Akakaa kimya, nikadhani kalala.
"Kesho tunaanua tena?"
Kwanza tuanike, nikasema.