Hodi ya Nne

Majina hamsini na mawili, darasa la nne B, Makorora.
Nilikuwa nayaita yote kwa pumzi chache
na chaki bado iko kidoleni.
Mwezi wa Machi sauti ikaanza kunihama
kwenye herufi M.
Mbwana nilimwita kwa pua.
Mwajabu akacheka, nami nikacheka,
kumbe cheko langu halikufika midomoni.
Kufika Shemboza, kope ya kushoto imeshuka
kama mlango wa duka lililofiwa.

Wazazi wakanong'ona: mwalimu anakunywa.
Shangazi akasema: jicho la mtu.
Sechonge mume wangu hakusema. Alianza tu
kunikatia nyama vipande vya mtoto,
maana nikitafuna nusu sahani taya hulegea,
nalishika kwa kiganja
kama mtu anayewaza sana.

Hospitali nilikwenda mara saba,
zote saa moja asubuhi, nimetoka kulala,
kope juu, sauti juu, mzima kabisa.
"Una nini, mwalimu?"
Ugonjwa wangu haudamki mapema.
Nikapewa miwani. Nikapewa dawa ya minyoo.
Nikaandikiwa *wasiwasi*, kwa mwandiko mzuri.

Mara ya nane umeme ulikatika Bombo,
foleni ikalala, nikaingia saa tisa alasiri
nimekwisha.
Daktari Semkiwa, kijana, soksi zake hazilingani.
"Hesabu mpaka mia."
Nilianza vizuri kama mtoto wa chekechea.
Arobaini na moja ilikuwa na ukungu.
Hamsini na sita ilipita puani.
Sitini haikutoka.
Akasema, tazama dari. Nikatazama panka lililosimama
mpaka kope zikashuka zenyewe,
moja, halafu mwenzake.

Friji ya wodi ilikuwa imeyeyuka. Akatoa mia mbili,
akamtuma mhudumu getini
kwa muuza barafu za ukwaju.
Barafu ndani ya glavu, glavu juu ya jicho,
dakika mbili kwa saa ya mkononi.
Glavu ikavuja; ukwaju ukanifika kidevuni.
Alipoitoa, jicho lilifunguka lote
nikamwona: ana chunusi, na amesahau kupumua.

"Mshipa wa fahamu ni mgeni," akasema baadaye,
"msuli ni mwenye nyumba.
Mgeni hubisha hodi, ndani wakaitika karibu,
ndipo kope ikanyanyuka.
Sasa kinga ya mwili wako, mlinzi wako mwenyewe,
inapigilia mbao milangoni na wenyewe wamo ndani.
Mgeni anabisha mara moja, mbili, tatu.
Na mwenye adabu, ya tatu, huondoka."
Na kidonge?
"Hakibandui mbao. Kinamshika mgeni barazani
mpaka abishe ya nne."

Damu yangu ikapanda basi kwenda Dar.
Baada ya wiki tano lilirudi jina refu
ambalo Sechonge hulitamka kama jina la mkwe asiyempenda.
Nikaongezewa vidonge vingine, vya kumtuliza mlinzi;
vimenivimbisha uso,
watoto wanasema nimenenepa, nimependeza.

Nameza saa kumi na mbili, saa nne, saa nane.
Tumbo hunguruma mbele ya darasa.
Mwezi wa Agosti duka la dawa lilisema kesho,
likasema kesho,
nikawa nagawa kidonge kwa wembe
na kurudi kuwa mwalimu wa A mpaka K.

Leo nimeanza daftari kutoka mwisho.
Zumo. Zawadi. Yohana,
ambaye tangu Machi huitwa na kiranja,
aliruka kwenye dawati: "Nipo!"
Nikarudi nyuma, jina kwa jina,
Shemboza, Rukia, Pili,
hadi Mbwana, na hapo sauti ikaniponyoka.
Darasa likangoja. Kidole changu juu ya jina.
Nikakaa kwenye kiti, nikahesabu kumi moyoni,
nikabisha tena.